Mashavu ya Padri

...na jicho ni lile lile, la kushoto, kope imelala nusu kama pazia lililokatika kamba upande mmoja, halina mwenyewe mwingine duniani jicho hilo, ni Thady, Mungu wangu, ni mdogo wake huyu, Thady kabisa, amebandikwa tumbo la mlevi na pua kama kiazi lakini ni yeye, na Honora Garrod akabaki ameinua brashi juu ya karatasi, rangi nyekundu imejaa nchani, inavimba, inataka kudondoka, usidondoke, akaiambia kimoyomoyo, usidondoke hapo, akaisogeza juu ya kikombe, ikadondoka humo, akashusha pumzi, lakini taratibu, kwa pua, ili Selina asisikie, maana Selina ameketi ubavuni pake kiwiko kwa kiwiko akisubiri karatasi hiyo hiyo, na ndivyo wanavyofanya kazi humu chumba cha nyuma cha duka la picha za kejeli la Bwana Stroud, kila mwanamke na rangi yake, karatasi inatembea mezani kama bakuli la mchuzi, Peggy Lubbock anaanza na manjano, inakuja nyekundu kwa Honora, inakwenda buluu kwa Selina, kisha inaanikwa kambani, kisha dirishani, kisha London nzima inacheka... na zamu sasa ni ya nyekundu, mashavu ya padri, pua ya padri, masikio ya padri, karatasi ya mfano imeegemezwa kwenye jagi katikati ya meza, imepakwa na mkono wa mchoraji mwenyewe, na humo mashavu yanawaka kama ya mtu aliyelala chini ya pipa la mvinyo, Thady ambaye hanywi, Thady ambaye divai anaionja madhabahuni tu, anayekula viazi vya kuchemsha na mtindi na kusema ameshiba hata kama hajashiba, tulia, Honora, tulia, hujaona kitu, umeona padri tu, mapadri wote ni sawa, mapadri wanachorwa humu kila wiki tangu Waziri Mkuu ageuze shingo na kusema Wakatoliki waingie Bungeni, umewapaka wangapi, umewapaka mia, hukutetemeka, kwa nini utetemeke leo... "Mama Garrod!" Bwana Stroud aliita kutoka dukani mbele, sauti yake ikipita juu ya vichwa vya wateja, "hiyo ya kwanza bado? Watu wamejaa dirishani, wananipumulia vioo!" na Honora akajibu, "Inakuja, Bwana Stroud," kwa sauti yake ya kazini, ile sauti aliyoifundisha mwenyewe tangu usichana, sauti ya Kilondoni isiyo na chembe ya lafudhi ya baba yake Mwairishi, ikatoka sawasawa, laini, na akashangaa kwamba ulimi unaweza kutembea wima namna hiyo.

Peggy Lubbock alikuwa akicheka, Peggy huanza kucheka kabla hajamaliza kusema, "Lakini watu wazima wawili, jamani," alikuwa anasema, "Waziri Mkuu mzima, jemadari aliyewashinda Wafaransa, na yule bwana mkubwa mwenzake asiyetaka Wakatoliki, wameamka alfajiri, wamevuka mto, wamekwenda kusimama shambani kwenye kabichi za watu kulengana bastola, halafu mmoja kapiga pembeni na mwenzake kapiga mawingu! Mume wangu akitoka kilabuni amelewa chakari ana shabaha kuliko wao, sahani hainipiti hata siku moja!" na Selina akacheka, na Bwana Pask mchoraji akacheka, yeye kasimama kaupa moto mgongo, vidole vyeusi kwa wino, anangoja kuona kazi yake ikipendeza, na Honora naye akacheka, kachelewa kidogo, kicheko kikatoka kirefu mno, kama kitambaa kinachochomoka mkononi mwa fundi, akakikata... nani kasikia, Selina kasikia, Selina kageuza kichwa kidogo, au hakugeuza, alikuwa anachovya brashi tu, lakini msichana huyu ana macho, na mchumba wake, yule fundi viatu, juma zima lililopita alikuwa anapita mlango kwa mlango na ombi la kuipinga sheria hiyo ya Wakatoliki, na ua la utepe wa buluu kofiani, alama ya wasiowataka, Selina mwenyewe ndiye aliyelishona, alilishona hapa hapa mezani wakati wa chakula akasema, "Limependeza, Mama Garrod?" na Honora akasema, "Limependeza, mwanangu," kwa sababu mtu atasema nini, utepe wa buluu aliujua kabla msichana huyu hajazaliwa, kabla mama yake msichana huyu hajazaliwa... "Na huyu padri wako, Bwana Pask," Peggy akasema, akiwa ameinamia karatasi ya pili, ncha ya ulimi nje, anapaka manjano kwenye miali ya mwenge, "huyu umemtoa wapi? Mbona si padri wa siku zote? Wale wengine wote wana sura ya nguruwe tu, huyu ana sura ya mtu." Akasema hivyo, sura ya mtu, na Honora kimoyomoyo, usiulize, Peggy, nyamaza, Peggy, zungumza habari ya sahani, zungumza habari ya mume wako, lakini Bwana Pask alikuwa ameshaifurahia sifa, kajinyoosha, mikono nyuma, anajizungusha kwenye visigino, "Unaona jicho lako, Mama Lubbock! Huyu nimemchora kwa macho yangu, sikumzua. Nilikwenda mwenyewe Jumapili kwenye kale kakanisa kao pale St Giles, kwenye kichochoro nyuma ya wauza nguo kuukuu, nikakaa benchi la mwisho na karatasi ndani ya kofia, nikamchora akiwa pale pale mbele anafanya mizungu yake ya Kilatini. Kope imemlegea hivi, mnaona? Zawadi hiyo! Mungu akimpa mtu kope kama hiyo anamtayarishia mchoraji. Watu wa mtaa wake watamjua mara moja, na mtu akijulikana, karatasi inanunuliwa mara mbili." Akajigusa kope yake mwenyewe ya kushoto, akaivuta chini kwa kidole kuonyesha, na Selina akacheka, "Kama kuku aliyesinzia!" na Honora akainamisha kichwa, chini, chini zaidi, kofia yake ya kitambaa ikashuka usoni, kwa sababu kope yake mwenyewe, ya kushoto, kope ya mama yao waliyogawiwa wote wawili, yeye kidogo na Thady zaidi, ile ambayo miaka yote amewaambia watu ni homa ya utotoni iliyompiga, iko hapa, iko wazi, mwanga wa dirisha la juu unaishukia, na jana tu Selina alimwambia, "Lala mapema, Mama Garrod, jicho lako limechoka."

Watajua, watajua sasa hivi, ataangalia karatasi kisha ataniangalia mimi... na nje wakaanza, pale barabarani mbele ya dirisha, mmoja tu kwanza, sauti ya mzaha, sauti ya kijana aliyeshiba bia, "Hatumtaki Papa!" na wengine wakacheka, na mwingine akaitikia, "Hatumtaki Papa!" wakapiga miguu chini kwa mdundo, mzaha tu, watu wanachangamka kwa baridi hii ya Machi wakisubiri picha mpya, ni mzaha, Honora, sikiliza, wanacheka, lakini mwili haujui mzaha, mwili wake umeyasikia maneno hayo ukiwa mdogo, ukiwa hata meno ya utoto haujamaliza kuyang'oa, na hapo mwanga wa dirisha la juu ukawa si mwanga wa Machi, ukawa mwekundu, ukawa usiku ule wa kiangazi Moorfields, usiku wa ghasia dhidi ya Wakatoliki, mbingu ziliposhika moto, kanisa linaungua, nyumba ya padri inaungua, baba ameketi kwenye ngazi na shoka mapajani na shoka linagongagonga ngazi kwa kutetemeka kwake, na mama yuko nje mlangoni na kipande cha chaki, mama asiyejua kuandika, anatazama mlango wa ng'ambo ya barabara na kunakili herufi moja moja kama anavyonakili ua kwenye kitambaa, HATUMTAKI PAPA, herufi moja kaigeuza, imetazama nyuma, na Honora anakumbuka aliogopa herufi hiyo kuliko moto, kwamba watu watakuja na kuiona na kusema, hawa wameandika uongo, hata herufi yao inatazama nyuma... kisha mama kaingia, kafunga, kamkalisha yeye dirishani, kamfunga utepe wa buluu kichwani, utepe wa kanzu ya ubatizo ya Thady, hawakuwa na buluu nyingine, "Piga kelele, Nora," akasema, "piga kelele kama wao, wazidi hata wao," na yeye akapiga kelele, hatumtaki Papa, hatumtaki Papa, sauti ya mtoto iliyokuwa kali kama filimbi, watu wakapita chini na mienge wakamtazama wakampungia mkono, mwanamume mmoja akavua kofia akamwinamia kama anamwinamia bibi harusi, na nyuma yake Thady, kichanga, analia, analia, mama kamtia kidole mdomoni anyonye anyamaze, na watu wale wakapita, hawakugusa mlango, wakaenda nyumba ya tatu kwa Mzee Dunphy mfumaji ambaye hakuandika kitu, wakamtolea kitanda cha kufumia hariri barabarani wakakichoma na hariri ikiwa ingali juu yake, hariri ya kijani, ikajikunja kama kitu hai, na yeye Honora dirishani bado anapiga kelele, kwa sababu mama hakumwambia aache, hakuna aliyemwambia aache... "Hatumtaki Papa!" nje, na miguu, tap, tap, tap, na Selina akiufuata mdundo kwa kidole ukingoni mwa meza bila kujijua.

Fikiri, Honora, fikiria Thady, usifikirie moto, Thady yuko wapi saa hizi, saa hizi yuko njiani, saa hizi anazunguka kwa wagonjwa wake, koti jeusi limepauka mabegani, anapita katikati ya barabara kwa sababu anasema pembeni kuna matope, anamwamkia kila mtu, anawaamkia hata wanaomtemea mate, majuzi walimrushia jiwe mlangoni mwa kanisa, likampiga mzee wa watu aliyekuwa nyuma yake, na huyo aliyerusha alirusha gizani bila kujua anamrushia nani, koti jeusi tu, sasa watamjua, sasa uso wake utakuwa kwenye kila dirisha na kila kilabu, watu watamwona anapita na kusema huyooo, huyu ndiye anayembatiza Waziri Mkuu kwenye beseni, kwa sababu ndivyo alivyochora Bwana Pask, Waziri Mkuu na pua yake ndefu yuko uchi kama mtoto kwenye beseni la kufulia, na Thady juu yake ameinua mikono, na mshipini kwa nyuma amechomekewa mwenge unaowaka, moshi wake unakwenda moja kwa moja kwenye mapaa ya Bunge, padri mchoma moto... mchoma moto, Thady, ambaye nyumba zilizochomwa zilikuwa za watu wake, aliyenyonya kidole cha mama mbingu zikiungua, na sasa mwenge kapewa yeye, hivi hakuna anayekumbuka, Bwana Pask ni kijana, hakuwapo, Selina hakuwapo, yeye tu anakumbuka, na yeye ana brashi... ana brashi, ndiyo, afanye nini na brashi, aimwage rangi, aharibu karatasi, lakini nyuma ya hii iko ya Peggy, na nyuma ya Peggy iko rundo zima bado bichi kutoka kwenye bamba la shaba la kuchapia, jicho limeshachongwa kwenye shaba, shaba haisikii rangi, ampake nywele nyeusi badala ya nyekundu, azibe kope kwa tone moja, doa tu, bahati mbaya, mkono wa uzee, nani atamlaumu, na Bwana Pask yuko pale, hatua mbili, anatazama, anangoja kope yake, zawadi yake... na hata hivyo watauliza kwa nini, Mama Garrod ambaye hajawahi kudondosha tone, kwa nini hapo, kwa nini jichoni, na watatazama jicho lake.

Josiah angesema nini, Josiah marehemu mume wake, seremala, mtu wa maneno machache, alimwoa kwenye kanisa la Waingereza, la Kiprotestanti, mbele ya mchungaji wa Kiingereza na yeye Honora akajibu kila neno kama alivyoagizwa, na kila Jumapili akakaa naye kwenye benchi lao, akaimba, akapiga magoti wanapopiga, na Josiah alijua, alikufa akijua, hakulisema, Alhamisi Thady akija kula kwa mlango wa nyuma Josiah alikuwa akitoka kwenda kutazama mbao, kila Alhamisi mbao, na yeye alikuwa anashusha pazia kabla hajamfungulia, mpaka leo anashusha pazia, Thady anamcheka, "Dada, hata panya wa kichochoro hiki wanajua mimi ni padri, unamficha nani?" na yeye anamwambia, "Kula, viazi vinapoa," kila mara viazi vinapoa, na Alhamisi iliyopita Thady hakucheka, aliweka uma chini akasema, "Jumapili ni kumbukumbu ya mama. Nitamsomea misa. Njoo, Nora. Kaa nyuma kabisa, jifunike shali, hakuna atakayekuona. Hujawahi kuniona madhabahuni hata siku moja, tangu nilipopata upadri," na yeye akasema, "Unajua siwezi," na Thady akasema, "Najua," na akachukua uma tena... Jumapili, Jumapili hiyo, benchi la mwisho, na hapo Honora akaacha kupumua kabisa, maana Bwana Pask alisema Jumapili, alisema benchi la mwisho, lile benchi ambalo Thady alimwekea yeye, mtu mwingine alikwenda kulikalia, na karatasi ndani ya kofia, na Thady pale mbele, kama alitazama nyuma, na alitazama, lazima alitazama, aliona kichwa kimeinama gizani kwenye benchi la mwisho, mtu anajificha, mtu hataki kuonekana, na akafikiri... alifikiri ni dada yake.

Akaitazama karatasi. Akaitazama sasa kwa mara ya kwanza, si kama mtu anayetafuta pa kujificha, akaitazama kama wanavyotazama wanunuzi, na pua ilikuwa uongo na tumbo lilikuwa uongo na mwenge ulikuwa uongo, lakini mikono, mikono ile miwili iliyoinuliwa juu ya beseni, Bwana Pask hakuigusa, sijui alisahau kuiharibu, sijui hakuthubutu, mikono ilikuwa ya Thady, mifupa yake mirefu, kidole kidogo kilichopinda tangu alipoanguka ngazini, vidole vimefunguka, vimetulia, kama mtu aliyebeba kitu chepesi mno anachoogopa kukiamsha, na chini ya kope ile iliyolegea jicho halikuwa limesinzia hata kidogo, lilikuwa linatazama, lilikuwa limejaa, uso huo yeye hakuuona kamwe, mezani kwake Thady ana uso wa mdogo wake, uso wa utani na viazi, huu ulikuwa uso wake mwingine, ule anaowapa wabeba makaa na wafua nguo wa St Giles kila alfajiri, kila kibarua kwenye kile kichochoro anaujua uso huu, na dada yake hajui, dada yake ameuona leo, mezani kwa Stroud, umepakwa kejeli kama asali iliyofunikwa kwa dawa chungu, na mtu aliyekwenda kumdhihaki ndiye aliyekaa, ndiye aliyetazama mpaka mwisho wa misa, na yeye aliyempenda alikuwa nyumbani, na pazia limeshushwa, anasikiliza kama mtu anapita... na hofu ilikuwa bado ipo, ilikuwa imekaa pale pale kifuani, nzito, lakini ilikuwa imegeuka upande, kama mtu aliyelala aliyejigeuza kitandani, akaona mgongo wake, akaona kwamba hofu hii si ya leo na si ya Selina na si ya watu wa dirishani, ni ya mtoto aliyeambiwa apige kelele na hakuambiwa aache, mama alikufa bila kumwambia, Josiah alikufa bila kumwambia, na miaka yote hii amekuwa dirishani na utepe kichwani.

"Mama Garrod," Selina akasema, kwa sauti ya chini, na Honora akajua kabla hajageuka, msichana alikuwa anatazama karatasi, kisha uso wake, kisha karatasi, kidole chake kimeacha kupiga mdundo, brashi ya buluu iko hewani, "Mama Garrod, samahani... huyu mtu unamjua?" na hapo ndipo neno hapana lilipokuja lenyewe, likaja mbio kama mbwa aliyezoea kuitwa, lilikuwa tayari ulimini, na sauti ya kazini ilikuwa tayari kulibeba, mtu anasema hapana, mwanangu, nimjulie wapi, anachovya, anapaka, karatasi inasonga, jioni anakwenda nyumbani, Alhamisi anachemsha viazi, anashusha pazia... nje mtu akapiga kioo kwa kiganja, Bwana Stroud akamfokea, watu wakazomea, Bwana Pask akaondoka motoni akaenda mlangoni kuchungulia kundi linalomngoja, mgongo wake kwao, ameziba mlango wote kwa mabega ya kujivuna, na Honora akalitazama lile neno hapana na hakuweza kulisema, alijaribu, mdomo ulifunguka, akasema, "Namjua," na sauti haikuwa ya kazini, ilikuwa nyingine, chini zaidi, yenye mawimbi, sauti ya baba yake akiwa kwenye ngazi, "ni mdogo wangu. Tumezaliwa tumbo moja." Akasema tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuisikia vizuri sauti yake mwenyewe, "Mdogo wangu huyo. Anaitwa Thady."

Hakuna kilichoanguka. Alingoja kitu kianguke, dari, mlango, lakini Peggy Lubbock hakuinua hata kichwa, alikuwa anamalizia mwenge wa karatasi yake ya tatu, akasema kwa sauti ya kuongea na brashi, taratibu, isifike mlangoni, "Mimi nilijua, shoga. Siku ya kumzika Josiah wako ulifanya ishara ya msalaba kaburini, haraka hivi, kama mtu anafukuza nzi. Nikajisemea, huyo si nzi," akapuliza manjano yakauke, "nikafikiri ukitaka kusema utasema," na Honora akamtazama Peggy, Peggy wa sahani, Peggy wa vicheko, ambaye tangu maziko yale amekaa upande wa pili wa meza hii akiwa amelibeba jambo hilo kama yai na hakulitikisa, akataka kumshukuru, lakini hakuwa na nafasi, kwa sababu Selina alikuwa amekaa wima, mashavu yamemwiva, anatazama kikombe chake cha buluu, na usoni pake kulikuwa na jambo ambalo Honora hakuweza kulisoma, huruma, au chuki, au hesabu ya atakavyomwambia mchumba wake jioni hii, ua la utepe liko kofiani mwa kijana, kijana ana rafiki zake, rafiki zake wana mawe, na Honora aliogopa, aliogopa kama alivyoogopa mwanzo, pengine zaidi, jasho lilimtoka chini ya kofia, ila sasa aliogopa akiwa na jina lake, aliogopa kama Nora Considine binti wa mfumaji wa Moorfields, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilimtia kizunguzungu... lazima ampelekee habari, leo, kabla giza, lazima ajue sura yake inatoka, na hatapita mlango wa nyuma, atakwenda mwenyewe hadi kule kichochoroni, atauliza kwa watu, kanisa liko wapi, kwa sababu hajui liko wapi hasa, amwambie Thady asipite katikati ya barabara, amwambie Jumapili ile hakuwa yeye, mtu yule wa benchi la mwisho hakuwa yeye, na amtazame akilisikia hilo... "Mama Garrod!" Bwana Stroud, sasa kwa ukali, "Hiyo karatasi ya kwanza! Unaipaka au unaisomea?" na Bwana Pask akageuka mlangoni, na Selina akainua macho, na wote wakaitazama karatasi iliyo mbele yake, beseni, jemadari uchi, padri ameinua mikono, manjano ya Peggy yameshakauka, na mashavu ya padri meupe, meupe kabisa kama yalivyotoka kwenye shaba, na brashi yake imejaa nyekundu tena, hakumbuki aliichovya saa ngapi, na watu nje wanapiga miguu. "Bado," Honora akasema.